Dola Lenye Nguvu, Raia Asiye na Pa Kushtakia

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, katiba yake haikuwa na sura ya haki za binadamu, na hilo halikuwa sahau. Viongozi waliona kwamba nchi changa, yenye makabila zaidi ya mia moja na shule za kuhesabika, isingejengeka iwapo kila hatua ya serikali ingesubiri hukumu ya mahakama. Mwaka 1962 ikatungwa sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 ukaja mfumo wa chama kimoja.

Hoja yao si ya kubezwa. Dola hilo lilifundisha watu wazima kusoma, likaeneza Kiswahili na kuzuia siasa za ukabila zilizowaumiza majirani. Lakini ni dola hilohilo lililoamua, mwaka 1973, kwamba kuhamia vijiji vya ujamaa, vya kuishi pamoja, si hiari tena. Katika Operesheni Vijiji mamilioni walihamishwa, na baadhi yao walibomolewa au kuchomewa nyumba ili wasirudi. Shule na zahanati walizoahidiwa zilifika katika vijiji vingi. Mashamba yao, hata hivyo, yalibaki walikotoka.

Mtu wa kawaida aliyaona mamlaka hayo kwa mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa chama wa ngazi ya chini kabisa. Ukitaka barua ya utambulisho, unabisha hodi kwake. Mkigombana na jirani, yeye ndiye msuluhishi. Na ukipata mgeni nyumbani, anatakiwa ajue. Msaada na upelelezi vilikaa kwenye kiti kimoja, na ndiyo maana nashindwa kukubali kwamba kasoro ilikuwa ukubwa wa mamlaka peke yake. Kasoro ilikuwa kwamba aliyeonewa hakuwa na pa kwenda nje ya mamlaka hayohayo. Hata Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoundwa kupokea malalamiko ya wananchi, ilipeleka taarifa zake kwa Rais.

Wanaodhani uhuru hutoka kwa walio wengi wana la kujibu: mwaka 1991 Tume ya Nyalali, iliyoundwa kukusanya maoni kuhusu chama kimoja au vyama vingi, iliwakuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992, kwa uamuzi wa wakubwa.

Haki za binadamu zilikuwa zimeshaingizwa katika katiba mwaka 1984, ila serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla raia hajaruhusiwa kuishtaki. Muda huo ulipita, na Tume ya Nyalali ilipoorodhesha sheria 40 kandamizi, ile ya kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa bado imo.