Machinga Anatangaza Bei kwa Spika, Wewe Unainong'ona DM

Mdogo wangu ana fremu Sinza anakouza madera na vitenge, na kwa miaka mitatu nimekuwa mshauri wake asiyelipwa wala kusikilizwa. Wiki iliyopita alinionyesha simu yake kwa furaha ya mtu aliyejifungua mapacha: ukurasa wake wa Instagram, ambao mwezi mmoja uliopita ulikuwa na wafuasi 900 na ushei, sasa una wafuasi 11,000. Nilipomuuliza muujiza huo umetokea wapi, alijibu kwa sauti ya chini kwamba kuna kijana "anayepandisha kurasa" na kwamba alimlipa shilingi 60,000. Fedha hiyo, kwa taarifa yenu, ilichotwa kwenye akiba ya kodi ya fremu.

Tulikaa nyuma ya kaunta tukafungua orodha ya wageni hao. Wa kwanza jina lake ni herufi nane zisizotamkika zikifuatwa na tarakimu nne. Hana picha, hajawahi kuchapisha chochote, na anafuata kurasa zaidi ya 7,000. Wa pili, wa tatu na wa nne ni ndugu zake wa tumbo moja. Nilimuuliza mdogo wangu ni yupi kati yao atakayekuja kununua dera la Idi, na hakucheka.

"Dada, mteja akikuta una wafuasi mia mbili, anajua wewe ni tapeli," alinijibu. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hilo lina ukweli wake, kwa sababu ni wachache kati yetu ambao hawajawahi kutuma hela ya viatu kwa njia ya simu kisha wakajikuta wamezuiwa kabla hata ujumbe wa muamala haujaingia. Hata hivyo, mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, amekwisha kueleza hadharani kwamba miongoni mwa mambo yanayoifikisha posti mbali ni muda ambao watu wanaitazama, jinsi wanavyoipenda na jinsi wanavyowatumia wenzao. Na mfuasi wa kununua hatazami, hapendi, wala hana mwenzake wa kumtumia. Isitoshe, mali hiyo hufagiliwa wakati wowote. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa wingi, na ukurasa rasmi wa kampuni yenyewe ukapoteza wafuasi zaidi ya milioni 18. Huko Marekani, mwaka 2024, mamlaka ya biashara iliweka kanuni inayokataza kuuza na kununua wafuasi bandia kwa ajili ya kujikweza kibiashara. Sisi huku bado tunawalipa vijana kwa kodi ya fremu.

Lakini wafuasi hao hewa siyo walionifanya niandike. Kilichoniudhi nilikikuta chini ya picha ya dera lake linalouzika kuliko yote, lile la zambarau lenye maua meupe. Lilikuwa limependwa na watu 14 na lilikuwa na maoni matatu. Mawili yalikuwa mioyo kutoka kwa shangazi yetu wa Tanga, ambaye huweka mioyo hata kwenye matangazo ya misiba. La tatu liliuliza: "Bei gani?" Na mdogo wangu, baada ya siku mbili nzima, alikuwa amejibu: "Karibu mpendwa, njoo DM."

Njoo DM, yaani nifuate kwenye ujumbe wa faragha! Pita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, utamkuta machinga aliyemwaga mashati ya mtumba juu ya turubai, na pembeni yake kuna spika inayorudia sauti aliyoirekodi asubuhi: elfu tatu, elfu tatu, chagua mwenyewe, elfu tatu. Hamwambii mpita njia asogee kwanza kichochoroni ili anong'onezwe bei. Anajua kwamba mtu yule ana hatua kama kumi tu za kuamua kusimama au kupita, na kwamba kinachomsimamisha ni bei, shati lenyewe atalikagua baadaye. Huyo hana wafuasi hata mmoja, na jioni anakunja turubai lake likiwa jepesi, ilhali mwenye wafuasi 11,000, simu ya bei mbaya na taa ya duara ya kupigia picha analificha jambo la kwanza ambalo kila mnunuzi anataka kulijua.

Mfikirieni mnunuzi mwenyewe. Ni saa nne usiku, yuko ndani ya chandarua, bando linakaribia kuisha, na dera limemvutia. Akienda DM atasalimiwa, ataulizwa yuko wapi, ataulizwa anataka rangi gani, na bei itatajwa wakati ameshaanza kuzoeana na muuzaji. Ikiwa imemzidi uwezo, atafanyaje? Sisi tumelelewa kuona haya kuulizia bei ya kitu na kuondoka mikono mitupu mbele ya mtu aliyetukaribisha vizuri. Dukani unaweza kujifanya unapokea simu ukatoka. Kwenye DM unabaki umesoma ujumbe, alama mbele ya muuzaji inakushitaki, na kesho unaona haya hata kuupitia ukurasa wake. Wengi huikwepa aibu hiyo kwa kutokwenda kabisa. Wengine wana shaka mbaya zaidi, tena si ya bure, kwamba muuzaji hutazama kwanza picha yako ya wasifu, akakuona umepiga mbele ya gari, kisha ndipo akatamka bei.

Visingizio navijua vyote. Wanasema washindani wataiga bei, kana kwamba mwenye fremu ya jirani hana mpwa mwenye akaunti wa kumtuma aulize. Wanasema bei hubadilika kulingana na kitambaa na mshono; basi andika "kuanzia". Wanasema mnunuzi wetu anapenda kupatana, na hapo kidogo wamenishika, maana mimi mwenyewe sijawahi kununua kitenge bila kuomba kupunguziwa. Ila hata mapatano huanza kwa muuzaji kutaja bei.

Mengine niliyomshauri ni madogo: apige picha mlangoni kwenye mwanga wa jua, na akilipia tangazo alielekeze kwa wakazi wa Dar es Salaam, asililipie lizunguke dunia nzima. Nilimkumbusha pia tarehe 4 Oktoba 2021, siku ambayo Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takribani saa sita, naye akashinda anaitikisa simu kana kwamba ni redio ya betri. Ukutani kwake amebandika maneno "Mali bila daftari hupotea bila habari", na daftari analo, la wanaodaiwa. Namba za simu za wanaolipa hajaziandika popote.

Jumamosi, baada ya kununiana kwa siku tatu, aliichapisha upya picha ya lile dera la zambarau, na juu yake akaandika kwa tarakimu kubwa nyeupe: 25,000. Tulikaa tukiisubiri simu kama tunaosubiri matokeo ya mtihani. Baada ya dakika kumi na tano yaliingia maoni ya kwanza, kutoka kwa mtu mwenye jina la kueleweka na picha ya watoto wake: "Bei gani?"

Mdogo wangu alinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza hapa. Kisha akainama, akaandika palepale hadharani: "Elfu ishirini na tano, dada. Tupo Sinza."

"Na ukichukua mawili?" yule mama akauliza.