Upasuaji wa uume uliopinda usiharakishwe

Makala yenu inamshauri mwanaume ambaye uume wake umeanza kupinda akimbilie upasuaji mara moja. Mimi, msomaji wa hapa Bukavu niliyewahi kutibiwa tatizo hilo (ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona tu), siafiki. Kovu linaloukunja uume, ambalo daktari mpasuaji Mfaransa François de La Peyronie alilieleza mwaka 1743, huendelea kubadilika kwa miezi mingi, na kupasua kabla maumivu hayajaisha na mpindo haujatulia kwa angalau miezi 3 ni kujitafutia upasuaji wa pili. Tena mmeacha jambo ambalo mgonjwa hulihitaji kwanza: kushona upande mrefu, yaani ule usio na kovu, ambayo ndiyo njia nyepesi zaidi, hunyoosha uume lakini huufupisha, ilhali kukata kovu na kuweka kiraka, kunakofanywa hasa mpindo unapozidi nyuzi 60, huhifadhi urefu, ila hatari ya nguvu za kiume kupungua huwa kubwa zaidi. Aliyekwisha kupoteza nguvu hizo huwekewa kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa ndani ya uume ili uweze kusimama. Mimi habari ya kufupika niliambiwa nikiwa tayari nimelazwa, nikisubiri kuingizwa chumba cha upasuaji.