Wanaosema tungamo la nyota hupanda kwa ngazi

Kila baada ya muda huzuka mtu na jedwali. Upande mmoja ameorodhesha nyota za nutroni (mabaki madogo mazito ya nyota zilizokufa), mashimo meusi (yanayovuta hata nuru isitoke) na galaksi, upande wa pili tungamo la kila kimoja, yaani kiasi cha maada kilichomo, na chini yake fomula inayodai kwamba namba hizo hazikuja ovyo: zinapanda kwa ngazi, na kati ya ngazi na ngazi hakuna kitu. Atomu ina ngazi zake za nishati, wanasema, mbona mbingu zisiwe nazo? Swali hilo nalipenda. Jedwali ndilo linalonishinda.

Wazo lenyewe halikuanzia kwa wababaishaji. Miaka ya 1970 William Tifft, mnajimu (wa sayansi ya nyota, si wa kupiga ramli) wa Chuo Kikuu cha Arizona, alisema kwamba mwanga wa galaksi hausogei kuelekea wekundu (wekundu ambao wanajimu huuhesabu kama mwendo wa galaksi kutukimbia) kidogo kidogo, bali unaruka kwa hatua za kilomita 72 kwa sekunde. Mwaka 1993 wanajimu Halton Arp na Jayant Narlikar wakaleta maelezo ya ajabu zaidi: maada changa huzaliwa na chembe zenye tungamo dogo, nalo huongezeka kadiri chembe zinavyozeeka. Elektroni nyepesi hutoa mwanga mwekundu zaidi. Basi wekundu ukiruka kwa hatua, huenda kinachoruka ni tungamo.

Arp alikuwa ameshanyimwa nafasi ya kutumia darubini ya Palomar, akahamia Ujerumani. Kwa maoni yangu waliomnyima walikosea, hata kama hoja zake hazikusimama. Tangu hapo wafuasi wake wengi wanazungumzia zaidi alivyoonewa kuliko galaksi zenyewe.

Kilichowavunja nguvu ni data kuwa nyingi. Mwaka 2002 Hawkins, Maddox na Merrifield walikusanya jozi 1,647 za kwasa (viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa mno) na galaksi zinazoonekana karibu nazo angani, wakatafuta ule mrudio wa wekundu kwa hatua zilezile uliokuwa umetabiriwa. Hawakuuona, wala hawakuona mrudio mwingine wowote. Mtu akikaa dukani akitazama maharagwe yakipimwa, kibaba hiki, kibaba kile, mwisho pishi, anaweza kuapa kwamba ndivyo yanavyoota shambani. Kumbe ngazi iko kwenye kopo.

Mimi ni mtu wa Malindi, na katika jedwali la karibuni nililoonyeshwa, jina moja lilinigusa: Cygnus X-1. Setilaiti iliyotufungulia habari zake ilirushwa hapa hapa, kutoka jukwaa la San Marco mbele ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na iliona eksirei za Cygnus X-1 zikipanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kitu kinachobadilika upesi hivyo lazima kiwe kidogo. Wanajimu wengine wakaiona nyota kubwa ya buluu inayozunguka na mwenzake asiyeonekana, na hesabu ya mzunguko huo ikaonyesha kwamba huyo asiyeonekana ni mzito mno kuwa nyota ya nutroni. Hivyo ndivyo shimo jeusi lilivyotoka kwenye makaratasi likawa kitu cha kweli. (Wavuvi wa Ngomeni wamepita chini ya majukwaa yale miaka yote, na sijui ni wangapi walioelezwa habari hii shuleni.)

Katika jedwali lile Cygnus X-1 imekaa sawasawa kwenye ngazi yake: mara 15 ya Jua. Ndivyo vitabu vilivyosema kwa miaka kadhaa. Lakini mwaka 2021 watafiti waliotumia mtandao wa madishi ya redio ya Marekani walipima upya umbali wake, wakakuta si miaka ya nuru 6,000 na kidogo bali zaidi ya 7,000. Umbali ukipanda, nyota ile ya buluu inakuwa kubwa zaidi, na mwenzake mzito zaidi. Mara 15 ikawa mara 21. Hakuna aliyeweka shimo hili kwenye mizani. Tungamo lake ni hesabu iliyojengwa juu ya hesabu nyingine, na ya chini ikitikisika, zote zinasogea. Fomula iliyolingana na 15 ilikuwa inalingana na kitu gani?

Watetezi wa jedwali hukimbilia kwa Chandrasekhar, mwanafizikia mzaliwa wa India, kwamba naye alidhihakiwa. Ni kweli. Mwaka 1935 Eddington, mnajimu mashuhuri wa Uingereza, alimkejeli hadharani London, na Nobel ilimfikia mwaka 1983. Ila kikomo chake cha mara 1.4 ya Jua hakukiokota kwenye orodha ya nyota. Alikipata kwa fizikia ya elektroni zinazobanwa hadi zikaribie mwendo wa nuru, na hesabu ile inaeleza kwa nini nyota kibete nyeupe (kiini kinachobaki nyota ya kawaida ikizimika) haiwezi kuzidi hapo.

Hata fomula isiyo na maelezo naweza kuistahi, mradi ijitie hatarini. Yoshio Koide wa Japani alitoa fomula inayofunga pamoja tungamo la elektroni na la ndugu zake wazito, muoni na tau, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vipimo vya wakati ule viliipa tau karibu 1,784, kwa kipimo cha wanafizikia. Fomula yake ilitaka 1,777. Mwaka 1992 maabara ya Beijing ilipima upya ikapata 1,777. Mpaka leo hakuna anayejua kwa uhakika kama ni bahati au siri ya maumbile, lakini Koide aliandika kabla.

Hilo ndilo nililomwomba kijana wa barazani kwetu aliyenionyesha jedwali. Wapokeaji wa mawimbi ya mvutano, mitikisiko inayotufikia mashimo meusi yanapogongana, tangu tukio la Septemba 2015 la mashimo mawili ya mara 36 na 29 hivi ya Jua, huchapisha orodha mpya kila baada ya muda. Nikamwambia: mwanangu, andika ngazi zako zote leo, tia tarehe, tubandike ukutani, tungoje. Akakubali vizuri kabisa. Ataziandika, anasema, ila kwanza orodha mpya itoke.