Expósito: jina la watoto waliookotwa, lifutwe au libaki?

Wanaofuatilia tamthilia za Kihispania wanalijua jina la Ester Expósito, mwigizaji aliyezaliwa Madrid mwaka 2000. Kwa sikio la mgeni ni jina zuri la Kihispania kama García au Moreno. Mhispania akilisikia jina hilo kwa mtu yeyote, anasikia na jambo la pili: huko nyuma, vizazi kadhaa vilivyopita, jina lilianza na mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni pa watu. Je, jina la namna hiyo lifutwe kwenye vyeti, au wajukuu waendelee kulibeba? Swali hili limewagawa wenye jina wenyewe kwa muda mrefu, na kila upande una hoja nzito.

Asili ya jina haina fumbo. Kuhusu García wataalamu wanavutana hadi leo kama limetoka kwa Wabaski au la. Expósito limetoka moja kwa moja kwenye Kilatini, *expositus*, yaani aliyewekwa nje. Rodríguez ni mwana wa Rodrigo, Herrero ni mhunzi, Toledo ni mji. Expósito halitaji baba, wala kazi, wala mji. Linataja tukio moja lililompata mtoto siku zake za kwanza duniani, na baada ya hapo likamfuata mpaka kaburini, yeye na watoto wake.

Miji mikubwa ya Hispania ilikuwa na nyumba za kupokea watoto hawa tangu zamani. Ya Madrid, iliyoanza karne ya 16, iliitwa Inclusa. Katika nyingi kulikuwa na torno ukutani: kasha la mbao la mviringo, lililo wazi upande mmoja, linalozunguka ndani ya tundu la ukuta. Aliyemleta mtoto alimlaza ndani, akalizungusha kasha, akapiga kengele na kuondoka. Wa ndani alimpokea mtoto bila kuona uso wa aliyemleta. Kisha ikaandikwa daftarini: siku, saa, nguo alizovishwa, na kama kulikuwa na kikaratasi cha kusema amekwisha kubatizwa. Wazazi wengine waliacha alama, kwa mfano kipande cha utepe, medali, au nusu ya picha ya mtakatifu, ili hali ikitengemaa waje kumdai mtoto wao na nusu ya pili mkononi.

Ninazitaja alama hizi kwa makusudi, kwa sababu mjadala wote huharibiwa na dhana kwamba kila mtoto wa torno alikuwa tunda la aibu. Wapo waliozaliwa nje ya ndoa, na mama zao waliogopa kuchekwa au kufukuzwa kazini. Lakini wapo pia watoto wa ndoa halali kabisa, walioletwa kwa sababu mavuno yalikosekana, mama alikosa maziwa, au alifariki akijifungua. Jina halikutofautisha. Wote walipewa jina la mtakatifu, mara nyingi wa siku hiyo, na nyuma yake Expósito.

Si kila mahali walifanya hivyo. Katalunya kuna Deulofeu, maana yake Mungu alimfanya, jina ambalo mashabiki wa mpira wanalikumbuka kwa Gerard Deulofeu. Kwingine waliita de la Cruz, Santa María, de Dios au Iglesias. Tofauti ni kwamba majina haya yana asili nyingine pia, kwa hiyo mwenye jina la Iglesias hawezi kudhaniwa moja kwa moja kuwa ametoka kwa mtoto wa kuokotwa. Ana mahali pa kujificha. Mwenye Expósito hana, na hapo ndipo ulipo uzito wa jina hili kuliko mengine yote ya jamii yake.

Leo lina wenyewe kwa maelfu Hispania, na linasikika sana Andalusia, hasa mkoa wa Jaén, na kisiwani Tenerife. Kutoka huko lilivuka bahari hadi Kuba, Puerto Rico na Argentina. Kuenea kwake vijijini kuna sababu ya wazi: nyumba za watoto ziliwapeleka wachanga kwa wanawake wa vijijini waliolipwa kuwanyonyesha, na baadhi ya watoto hawakurudi tena mjini. Walikulia huko, wakalima huko, wakaoa huko. Ndiyo maana Expósito wa Jaén na Expósito wa Tenerife hawana sababu yoyote ya kudhani ni ndugu. Jina lilitolewa upya mara maelfu, na nyumba nyingi zisizohusiana. Wale wanaouza nembo za ukoo kwa kila jina la Kihispania wanawadanganya watu hawa zaidi ya wengine, kwa sababu hapa hakujawahi kuwa na ukoo mmoja wa kuvaa nembo.

Sasa upande wa kufuta. Ubaya wa jina haukuwa wa kufikirika. Katika Hispania ya zamani kuingia kwenye vyama vya mafundi, kupata upadre au cheo kulihitaji uthibitisho wa kuzaliwa kwenye ndoa, na mara nyingi uthibitisho wa damu safi, maana yake ukoo usio na Myahudi wala Mwislamu. Mtoto wa torno hakuwa na cha kuthibitisha. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1794 mfalme Carlos IV alitoa amri kwamba watoto wa kuokotwa wahesabiwe halali kwa mambo yote ya kiraia. Amri ile ukiisoma unaona walivyokuwa wakitendewa. Inakataza kuwaita wanaharamu na majina mengine ya matusi, ambayo inayataja moja moja, na inasema atakayethubutu ashitakiwe, alazimishwe kuyameza maneno yake mbele ya hakimu na atozwe faini. Inakataza hata kuwachapa viboko hadharani au kuwanyonga wakikosa, kwa sababu huenda aliyeokotwa ni wa familia bora, na penye shaka mfalme anataka upande wa huruma ufuatwe.

Ilikuwa amri ya ubinadamu, nami naiheshimu. Ila iligusa sheria na kuliacha jina mahali pake. Mtu akawa halali kwa karatasi huku jina likiendelea kumtangaza kila alipoitwa. Kisha ikaja sheria ya usajili wa kiraia ya mwaka 1870. Kabla ya hapo watu walibadilisha majina bila shida kubwa. Mtoto aliyelelewa na mkulima angeweza kuishia kuitwa kwa jina la mkulima huyo. Daftari la serikali likayagandisha majina. Kilichokuwa maelezo ya hali ya mtoto kikawa urithi wa lazima.

Serikali yenyewe baadaye ilikiri kwamba jina linaumiza. Sheria ya usajili ya mwaka 1957 ililitaja Expósito kwa jina: hakimu aliweza kumruhusu mwenye jina hilo, au lolote linaloonyesha asili isiyojulikana, achukue jingine ambalo ni lake, na kama hana, jina la kawaida. Sheria hiyo hiyo ikaagiza kwamba mtoto ambaye wazazi wake hawajulikani apewe majina yanayotumika kwa watu wote. Hoja ya wanaotaka kufuta inasimama hapo: mtoto hakuchagua, mama hakuchagua, jina lilibuniwa na taasisi kwa ajili ya daftari lake. Kwa nini mjukuu alinde uamuzi wa karani? Sioni jibu rahisi kwa swali hilo.

Upande wa kubaki una hoja mbili, na ya kwanza ni ya vifo. Nyumba za watoto zilikuwa mahali pa kufia. Maziwa hayakutosha, magonjwa yaliruka kitanda hadi kitanda, na katika vipindi vingi zaidi ya nusu ya walioingia hawakufika utu uzima. Mjini Madrid kulikuwa na miaka ambayo hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Kwa hiyo kila familia ya Expósito iliyopo leo inatokana na mtoto aliyepona pale ambapo wengi hawakupona. Jina lililotolewa kueleza kuachwa limekuja kuwa ushahidi wa kunusurika, na ni ushahidi pekee ambao mtoto yule aliacha. Hana picha wala barua. Ukilifuta jina, umemfuta yeye.

Hoja ya pili ni ya mchango. Tarehe 30 Novemba 1803 meli María Pita iliondoka La Coruña ikielekea Amerika chini ya daktari Francisco Javier Balmis, ikiwa imebeba chanjo ya ndui. Wakati huo hakukuwa na friji. Njia ya uhakika zaidi ya kuivusha chanjo bahari ikiwa hai ilikuwa ndani ya miili ya watu. Waliobebeshwa kazi hiyo walikuwa wavulana 22, wengi wao wakiwa watoto wa kuokotwa, wadogo kabisa wakiwa na miaka mitatu. Wawili wawili walichanjwa, na malengelenge yalipoiva mikononi mwao, usaha ulichukuliwa kuwachanja wawili wanaofuata, hivyo hivyo hadi ng'ambo. Aliyewatunza njiani alikuwa Isabel Zendal, msimamizi wa nyumba ya watoto ya La Coruña, aliyemleta na mwanawe mwenyewe. Hakuna mtoto wa tajiri aliyetumwa. Ni ukatili kwamba walichaguliwa wale wasio na wa kuwatetea, na ni kweli vilevile kwamba maelfu ya watu wa Amerika walikingwa na mikono yao.

Buenos Aires nako nyumba ya watoto wa kuokotwa ilifunguliwa mwaka 1779, na mwaka uliofuata kikaanzishwa kiwanda cha uchapaji ili mapato yake yawalishe. Kikaitwa kiwanda cha Niños Expósitos, na kwa miaka mingi ndicho kilichouchapia mji huo. Katika nchi hiyo hiyo Homero Expósito, aliyezaliwa mwaka 1918, akawa mmoja wa watunzi wakubwa wa mashairi ya tango, muziki wa dansi wa nchi hiyo, ndugu yake Virgilio akitunga muziki. Wao hawakulibadili jina, na leo Muargentina akilisikia Expósito, huenda la kwanza kumjia ni tango.

Mfano huu unanipeleka Italia, kwa sababu pale suala limejimaliza lenyewe. Esposito ni jina lile lile, lilitolewa kwa watoto wa gurudumu la Annunziata, yaani torno la nyumba ya watoto wa kuokotwa mjini Napoli, na sasa ni miongoni mwa majina yaliyoenea zaidi Italia nzima. Joachim Murat alipoitawala Napoli mwanzoni mwa karne ya 19 alipiga marufuku kuwapa watoto jina hilo, lakini waliokuwa nalo walishakuwa umati. Mahali ambapo kila mtaa una akina Esposito, aibu haina pa kushika. Hispania jina halikufikia wingi huo, kwa hiyo bado linageuza vichwa. Ndiyo sababu siwezi kuwaambia Wahispania wafanye kama Wanapoli.

Nikizipima pande mbili, naona hazizungumzii mtu mmoja. Wanaotaka kufuta wanamtetea aliyepewa jina na watoto wake, waliokaa nalo darasani na kanisani wakati majirani bado wanakumbuka. Wanaotaka kubaki ni aghalabu wajukuu wa wajukuu, ambao jina haliwagharimu tena na limekuwa historia yao. Wa kwanza wana haki kubwa zaidi, kwa kuwa maumivu ni yao. Kwa hiyo sheria ilifanya sawa kuacha kulitoa jina na kumruhusu anayetaka aliache, na ingekosea kama ingelifuta kwa amri kwa wote. Mwenye kulibeba kwa fahari asinyang'anywe.

Ila ipo sehemu moja ya sheria hiyo ambayo nadhani imepitwa na wakati. Mtu alipobadili jina, mabadiliko yaliandikwa pembeni mwa rekodi yake ya kuzaliwa, na kanuni za usajili za mwaka 1958 zilizuia habari ya kuachana na jina la Expósito isitolewe kwa watu wengine bila idhini maalumu. Siri hiyo ilikuwa ngao ya lazima kwa aliyekuwa hai. Lakini ndiyo inayowakatia njia wajukuu. Mtu anatafuta babu zake, anafika mwanzoni mwa karne ya 20, anakuta López asiye na López nyuma yake, na hajui kwamba jibu limeandikwa kwenye ukingo wa ukurasa. Na daftari la nyumba ya watoto, lenye saa ya kuletwa, nguo, na pengine nusu ya picha ya mtakatifu, linaweza kuwa bado lipo kwenye hifadhi ya mkoa, likisubiri mtu anayejua jina la kuulizia. Aliyebadili jina na watoto wake wakishafariki, hakuna anayelindwa tena na ukimya huo. Kwa vizazi hivyo rekodi zifunguliwe, na wazao wapewe nakala wakiomba.