Poda ya mafinalisti wa Lubumbashi: marufuku peke yake haitoshi

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo, yakitoka, Lubumbashi inageuka nyeupe. Kuanzia Katuba hadi Ruashi, finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani na mabegani, na mara nyingi mama yake ndiye wa kwanza kushika kopo. Haupiti mwaka ambao maprefe (wakuu wa shule za sekondari), polisi na baadhi ya wazazi hawadai desturi hiyo ipigwe marufuku, kwa kuwa inachafua, inaumiza macho na kuleta fujo barabarani. Wanaoitetea wanajibu kwamba kijana aliyesoma miaka kumi na miwili, huku wazazi wake wakibeba gharama zote hizo, hawezi kupokea diploma kimyakimya kana kwamba amepewa risiti. Pande zote mbili zina haki. Tatizo ni kwamba zinazungumzia sherehe mbili tofauti kwa jina moja.

Sherehe ya kwanza hufanyika siku ya nne ya mtihani, mafinalisti wanapotoka kituoni kwa mara ya mwisho. Kituo kimoja hukusanya shule kadhaa, kwa hiyo mamia ya vijana hujikuta langoni kwa saa ileile. Poda hurushwa, kalamu za wino mzito huchora mashati, mengine huchanwa, kisha msafara wa pikipiki hushika njia. Sherehe ya pili ni ya matokeo, wiki kadhaa baadaye. Hiyo hufanyika nyumbani na mtaani, na humhusu yule tu aliyefaulu.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu weupe si pambo tu katika nchi yetu. Kwa Waluba, na kwa jamii nyingine nyingi za ukanda huu, udongo mweupe wa pemba hupakwa mtu aliyevuka jambo zito akatoka salama: chifu anaposimikwa, mama anapojifungua, mgonjwa anapopona. Anayepakwa habari yake imekwisha kujulikana. Mama wa Kampemba anayemmwagia mwanawe poda siku ya matokeo anafuata mwendo huohuo, hata kama kopo limetoka dukani na pemba haijaonekana nyumbani kwake tangu enzi za bibi yake. Kijana anayejimwagia poda siku ya nne anajipa heshima ambayo hakuna aliyekwisha kumpa, kwani karatasi zake bado hazijasahihishwa. Wazee wanaoguna wakiona hivyo hawachukii furaha ya vijana. Wanaona kitu kimewekwa mahali si pake, na tunakubaliana nao.

Wanaodai kwamba desturi isiguswe wanasahau pia kuwa imekwisha kuguswa sana. Exetat ilianza mwaka 1967, na kwa miaka mingi majina ya waliofaulu yalisomwa redioni. Familia nzima na majirani walikaa wakisikiliza, na shangwe ililipuka nyumba kwa nyumba. Leo matokeo huja kwa ujumbe wa simu. Mtu anatuma namba ya mtahiniwa, ambayo ni ndefu kwa kuwa inabeba utambulisho wa shule na nafasi ya mwanafunzi kwenye orodha, kisha anarudishiwa jibu lenye asilimia. Wepesi huo umekuja na madhara matatu ambayo tunayaona kila msimu.

Kwanza, yeyote mwenye namba hiyo anaweza kuuliza. Mwanafunzi huweza kusikia kwa jirani kwamba ameanguka kabla hajashika simu yake mwenyewe. Pili, tarakimu moja ikikosewa linakuja jibu la mtu mwingine. Watu wamekwisha kumwagiana poda kwa asilimia isiyo yao, na aibu inayofuata haifutiki kwa kuoga. Kabla ya kufungua kopo, itumeni namba mara mbili mkiisoma kwenye karatasi aliyopewa mwanafunzi, msitegemee kichwa, kisha mlinganishe na orodha ya shule. Tatu, matokeo hutoka mkoa kwa mkoa, na mara nyingi Kinshasa hutangulia. Siku hizo za kusubiri ndizo msimu wa matapeli wanaodai wana mtu ndani anayeweza kurekebisha matokeo kwa malipo. Hakuna marekebisho ya namna hiyo. Anayekuomba namba pamoja na pesa anataka pesa.

Sasa tuje kwenye kopo lenyewe, kwa maana hapa wapinzani wa desturi wana hoja yao nzito kuliko zote, na watetezi hupenda kuipita haraka. Poda ya mtoto ni laini mno. Ikirushwa usoni huingia puani, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua palepale. Kiangazi chetu kimejaa vumbi na upepo, kwa hiyo mapafu ya wengi huwa yamechoka tayari. Anayekosa poda huchukua unga. Unga wa ngano ukikutana na maji huwa gundi kwenye nywele. Unga wa mahindi una ubaya mwingine: Lubumbashi inategemea sana mahindi ya Zambia, na mpaka ukibana, kama ilivyotokea ukame ulipoipiga Zambia mwaka 2024, bei ya meka moja, kipimo cha unga sokoni, hupanda hadi familia zinapunguza bukari, yaani ugali. Kumwaga unga mbele ya mlango wa jirani ambaye hajapika ni kumtukana, hata kama hukukusudia.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni chokaa. Mtu ana mfuko uliobaki baada ya kupaka ukuta, anaona ni nyeupe, anarusha. Chokaa ikikutana na unyevu wa jicho huunguza, na inaweza kuharibu uwezo wa kuona kwa kudumu. Ikitokea, msisugue wala msisubiri. Pangusa vumbi kavu lililo kuzunguka jicho, lifungue kwa vidole, mimina maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 20, kisha nendeni hospitali hata kama maumivu yamepungua. Kwenye mtaa ambao bomba hukauka mchana, hayo maji yanatakiwa yawe yamechotwa kabla ya sherehe kuanza.

Je, marufuku yatatibu haya? Shule inayokataza poda ndani ya uzio haiondoi poda, inaihamishia barabarani. Huko hakuna mwalimu, kuna magari ya mizigo, na pikipiki moja hubeba vijana watatu wanaosimama wakipunga mashati. Ukali unaotolewa bila kitu cha kushika nafasi yake hunufaisha wenye baa tu. Kwa upande mwingine, kusema waachwe tu ni utamaduni wao ni kuwakimbia watoto siku wanayotuhitaji. Utamaduni wa pemba haukuwahi kuwa wa kila mtu kurusha anavyotaka. Palikuwa na mkono wa mkubwa uliopaka, na palikuwa na kiasi.

Msimamo wetu ni kwamba siku ya nne ibaki bila weupe, na siku ya matokeo shule ifungue lango. Siku ya nne inataka mpango mdogo tu: walimu wawili au watatu wa kila shule wawasubiri wanafunzi wao langoni, wawatoe kwa makundi wakipishana dakika chache, na kamati ya wazazi iwe imewaambia mapema kuwa shati jeupe na suruali ya bluu vinarudi nyumbani vizima. Si suala la unadhifu. Katika nyumba nyingi shati hilo linasubiriwa na mdogo wa finalisti anayeingia darasa la saba mwezi wa tisa.

Siku ya matokeo, darasa la wanafunzi 40 linatosheka na makopo manne ya gramu 200. Hiyo ni gramu 20 kwa kila mmoja, karibu vijiko viwili vya mezani, kiasi cha kupaka paji la uso na utosi. Ipakwe kwa kiganja, na mzazi au mwalimu, wala isirushwe. Mwenye pumu apakwe mkononi. Orodha ibandikwe kwanza, kila mtu ajihakikishe, ndipo kopo lifunguliwe.

Wapo watakaosema kwamba sherehe ya shuleni itawadhalilisha walioanguka. Hoja hiyo tunaichukua kwa uzito, maana kijana aliyeanguka hubaki msafi katikati ya weupe, na kila mtu anamwona. Lakini mtaani anaonekana vilevile, tena bila mtu wa kumsemesha. Prefe anayo orodha kabla ya wote kufika; anaweza kuwaita wazazi wa walioanguka asubuhi, faraghani, awaeleze hatua za kurudia mtihani na karatasi zinazohitajika kujiandikisha tena. Mazungumzo hayo yakifanyika saa mbili, makopo yanaweza kungoja hadi saa tano.