Nambari Isipofika, Nani Atajua?

Kila kikao cha kuunganisha mifumo ya kampuni hakikosi mtu mmoja wa kuharibu shughuli. Mtaalamu wa TEHAMA ameshachora ubaoni: huku programu ya mauzo, kule ya ghala, pale ya uhasibu, na mishale ikikatiza kati yake. Meneja ameshaitikia kwa kichwa. Ndipo mhasibu anapokohoa na kuuliza, "Na ankara isipofika upande wa pili, mimi nitajuaje?" Anaambiwa itafika. Anauliza tena. Kikao kikiisha ameshapewa majina yake: mbishi, mtu wa makaratasi, anaogopa kompyuta isije ikamnyang'anya kiti.

Naona anasingiziwa. Ana makosa yake, nami nitayafikia, lakini swali lake ndilo gumu kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na mara nyingi ndilo linaloondoka bila jibu.

Wanaotaka mishale ichorwe kesho wana hoja isiyohitaji kupambwa. Agizo la mteja likiandikwa na mtu wa mauzo, likachapishwa, likaandikwa upya ghalani, kisha uhasibuni kwa mara ya tatu, hizo ni nafasi tatu za kukosea. Jina moja litaandikwa kwa namna tatu na mwisho wa mwezi litahesabika kuwa wateja watatu. Muuzaji ataahidi bidhaa iliyokwisha tangu asubuhi, kwa kuwa orodha anayoitazama ni ya jana. Tena makosa ya mkono yana hila yake: yametapakaa. Leo tarakimu mbili zimepishana, keshokutwa ankara imerukwa, na kwa sababu hakuna siku yanayoanguka yote kwa pamoja, hakuna anayeyajumlisha. Mfumo uliounganishwa ukianguka, jengo zima linasikia. Kalamu huanguka kila siku bila kishindo. Mbishi huwa haliweki hilo katika hesabu zake, na hapo wenzake wamemshinda.

Ila mishale nayo ina hesabu yake. Ukiunganisha kila programu na kila nyingine moja kwa moja, programu 4 zinataka njia 6, programu 8 zinataka 28, na 16 zinataka 120. Programu zimeongezeka mara nne, njia mara ishirini, na kila njia ina mtu wa kuitunza. Ndiyo maana wengi huweka kituo kimoja katikati, kila programu ikazungumza nacho peke yake, na zile njia 120 zikabaki 16. Kinachopanda ni uzito wa kituo chenyewe. Kikisimama, vyote vimesimama. Kikikosea, kinasambaza kosa kwa uaminifu uleule kinaosambazia ukweli.

Kipo kisa ambacho nimekirudia mara nyingi kuliko vingine. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 likiwa limepamba moto Uingereza, maabara zilikuwa zikituma matokeo ya vipimo kwa taasisi ya afya ya umma, Public Health England, katika faili za maandishi ya kawaida. Pale kompyuta iliyachukua matokeo hayo na kuyapanga katika violezo vya Excel, programu ya majedwali, vya muundo wa zamani, ule wa XLS, ndipo yaendelee na safari. Muundo huo hauwezi kuzidi mistari 65,536. Na kwa kuwa mtu mmoja alichukua mistari kadhaa, kiolezo kimoja kilibeba watu wapatao 1,400 tu. Waliozidi wakabaki nje ya mlango. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika takwimu za kila siku, na wale ambao kazi yao ilikuwa kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa hao wakapata majina yakiwa yamechelewa.

Kisa hiki hupendwa sana na wachora mishale. Mnaona, husema, haya ndiyo malipo ya kuendesha mambo makubwa kwa Excel. Nami nakisoma kinyume chao. Mifumo ile ilikuwa imeunganishwa! Matokeo yalitoka maabara, yakapita katika utaratibu wa kompyuta, yakaingia upande wa pili. Hapakuwa na karani aliyesinzia akaruka mstari. Wala 65,536 si fumbo: ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mpaka zikafika 16, na mpaka huo ulijulikana miaka mingi kabla. Muundo mpya uliokuja na Excel ya 2007 unafika mistari 1,048,576. Wangeutumia huo, majina yale yangeingia, na mimi nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini tabia ya kudondosha kimyakimya kinachozidi ingebaki palepale, ikingojea siku yake.

Kinachonikaa kooni zaidi ni kwamba wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Njia moja ilifanya kazi sawasawa huku nyingine ikivuja, kwa hiyo aliyetazama kutoka upande wa mgonjwa hakuona tatizo lolote. Kosa liligunduliwa usiku wa tarehe 2 Oktoba, wiki nzima ikiwa imepita. Hesabu iliyohitajika kuligundua siku ya kwanza ni ya mtoto wa shule: yametoka mangapi, yameingia mangapi? Karani wa zamani anayefunga daftari jioni huifanya bila kuagizwa, na jumla ya upande huu isipolingana na ya upande ule, hatoki ofisini. Kompyuta haina wasiwasi wa namna hiyo mpaka mtu aitie wasiwasi huo kwa makusudi, aiandikie kwamba ihesabu, ilinganishe, na zisipolingana ipige kelele. Mhasibu wetu pale kikaoni alikuwa anaomba kitu hichohicho, ila alikosa maneno ya kifundi ya kukiombea.

Iko namna nyingine ya kutofika: nambari inafika nzima, maana inabaki njiani. Chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya msukumo kwa pauni, kizio cha nguvu cha Kiingereza, na nyingine ikavipokea kana kwamba ni vya niutoni, kizio cha nguvu cha kimetriki, tofauti ya mara 4.45 hivi. Hakuna tarakimu iliyodondoka hata moja. Katika kampuni hakiungui chombo angani, lakini hebu uliza "mauzo ya mwezi" ni nini. Kwa mtu wa mauzo ni siku mteja alipoagiza. Kwa mtu wa ghala ni siku mzigo ulipotoka. Kwa mhasibu ni siku ankara ilipokatwa, na kwa mshika fedha ni siku hela ilipoonekana benki. Kila mmoja ana haki nyumbani kwake. Ukiziunganisha programu zao ugomvi huo ukiwa haujaamuliwa, itatoka ripoti nadhifu, ya haraka, isiyo ya mtu yeyote.

Hapa niwape wachora mishale haki yao. Kuunganisha mifumo ndiko kunakolazimisha ugomvi huo usikilizwe hatimaye. Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Melvin Conway, aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi hubuni mifumo inayofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana. Idara zisizosemezana huzaa programu zisizosemezana. Mradi wa kuunganisha unaweza kuwa mara ya kwanza ghala na uhasibu kukaa meza moja wakaulizana neno moja lina maana gani. Ni faida kubwa, pengine kuliko mishale yenyewe, ili mradi kikao hicho kifanyike kabla msimbo wa programu haujaandikwa.

Swali la mbishi lina pacha wake, ambaye kwa kawaida hapewi hata nafasi ya kuulizwa: na ikifika mara mbili? Programu ya mauzo inatuma agizo la kulipa. Upande wa pili unalipa, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Aliyetuma haoni jibu, anadhani halikufika, anatuma tena. Malipo mawili. Dawa yake ni ya kale kuliko kompyuta: kila agizo lipewe namba yake, na mpokeaji akiiona namba aliyokwisha kuifanyia kazi, ajibu "nimeshalipa" asilipe tena. Vitabu vya stakabadhi huchapwa na namba kwa sababu hiyo. Nashangaa jinsi jambo ambalo mhasibu yeyote analijua linavyosahaulika likishavikwa nguo za kompyuta.

Kuhusu mwendo, kiko kisa cha Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani. Mwaka 1999 iliwasha mifumo mitatu mipya kwa mkupuo, kutoka kampuni za programu za SAP, Siebel na Manugistics, mwezi Julai, maagizo ya Halloween, sikukuu ya peremende ya mwisho wa Oktoba, yakianza kumiminika. Bidhaa zilikuwepo maghalani. Zilichoshindwa ni kutoka. Maagizo ya dola milioni 100 hivi hayakutimizwa. Kila mfumo kati ya hiyo mitatu ulikuwa ukitumika kwingine. Mitatu ikiwashwa kwa pamoja, likitokea kosa, kazi ya kwanza inakuwa kutafuta lilikotokea, huku wateja wakingoja. Anayesema tuanze na njia moja, daftari la zamani liendelee pembeni mpaka tufunge mwezi na jumla zilingane, huonekana anachelewesha. Ni kweli anachelewesha.

Na sasa makosa yake, kama nilivyoahidi. Wapo wabishi ambao swali la "nitajuaje" kwao ni pazia tu. Faili ya Excel inayojua ukweli wote wa kampuni iko kwenye kompyuta yake, ina neno la siri, na fomula zake anazielewa yeye peke yake. Akienda likizo, malipo yanasubiri. Huyo analinda ufunguo, wala tusimchanganye na yule wa kwanza. Kuwatenganisha ni rahisi: mwonyeshe mfumo unaohesabu pande zote mbili na kupiga kelele zisipolingana. Wa kwanza atauliza kelele hizo zitamfikia nani. Wa pili atatafuta sababu nyingine ya kukataa.

Tena hilo la kelele kumfikia nani halijatatuliwa katika ofisi nyingi zilizokwisha kuunganisha kila kitu. Mafundi wazuri hujenga foleni ya ujumbe uliokataliwa: agizo lenye msimbo wa bidhaa usiojulikana, ankara isiyo na mteja, vyote hukaa humo vikingoja binadamu. Foleni inajengwa, inajaribiwa, mradi unakabidhiwa, picha zinapigwa. Kisha hakuna anayeifungua. Fundi anasema yaliyomo ni mambo ya biashara, watu wa biashara wanasema ni mambo ya kompyuta, na vilivyokataliwa vinarundikana humo mwezi baada ya mwezi. Mimi ningempa yule aliyeharibu kikao. Aifungue kila asubuhi kabla ya chai, na awe na mamlaka ya kusimamisha mshale wowote mpaka aridhike.