Nani mwenye haki ya kusema "ualimu ni wito"?

Binti wa kaka yangu amepata ajira serikalini. Anakwenda kufundisha shule ya msingi, baada ya kukaa mtaani miaka minne tangu amalize chuo, akiuza vitenge huku akijitolea katika shule ya jirani. Juzi, katikati ya kufunga mizigo, alinipigia simu: "Shangazi, hivi wewe kule darasani ulikuwa na furaha?" Mimi nimeshika chaki miaka 19, karibu yote darasa la kwanza na la pili. Nikamjibu upesi, "Nilikuwa nayo, mwanangu." Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu jibu lilikuwa la kweli lakini halikuwa lote.

Hapa Tanzania swali la furaha kazini likimfikia mwalimu hujibiwa kwa maneno matatu: ualimu ni wito. Nimeyasikia kwenye mahafali, kwenye sherehe za Mei Mosi na kwenye meza za ofisi. Wapo wanaoyaamini kwa moyo wote. Vijana wengi wa sasa wakiyasikia wanakunja uso. Kwao kazi ni mshahara, na wito hauendi nao dukani. Nimewahi kusimama pande zote mbili, kila mmoja kwa wakati wake.

Nianze na wito. Asubuhi moja mama alimleta mwanawe aliyechelewa, akasimama mlangoni kuniomba radhi. Mtoto alikuwa mzito wa kusoma. Tangu Januari tulikuwa naye kwenye silabi, ba be bi bo bu, na huo ulikuwa mwezi wa tisa. Badala ya kwenda kukaa, akaweka kidole kwenye maandishi ya kanga aliyojifunga mama yake, akaanza kukisogeza: we... ma... wema. Ha... u... Akakwama, akarudi nyuma, akaunganisha upya. Wema hauozi. Mama akainama kujitazama kiunoni kama mtu aliyetambaliwa na mdudu. Hakujua kusoma, kanga ile aliinunua kwa rangi. Darasa zima lilikuwa kimya. Sijapata kupokea mshahara uliokaa mwilini mwangu kama dakika ile, na sisemi hivi kwa kupamba.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwaomba wasimulie siku walizojisikia vizuri mno kazini na siku walizojisikia vibaya mno. Siku nzuri zilijaa habari za kufanikisha jambo, kutambuliwa, na utamu wa kazi yenyewe. Mbaya zilijaa utawala mbovu, usimamizi, mshahara na mazingira. Herzberg akasema kinachomwondolea mtu kero sicho kinachompa furaha. Amekosolewa, na kwa haki, maana mtu akiulizwa, mema hujipa mwenyewe na mabaya humtupia bosi. Hata hivyo mimi naliona jambo lake katika maisha yangu. Sijasikia mwalimu akisema ameipenda kazi kwa sababu choo cha walimu kina mlango, lakini kisipokuwa nao utakifikiria mchana kutwa.

Sasa upande wa pili. Niliwahi kuhamishiwa wilaya nyingine, na fedha za uhamisho nikazifuatilia zaidi ya miaka miwili. Lori lililobeba vyombo vyangu nililipa kwa mkopo. Safari moja, afisa mmoja alifunga jalada langu, akanitazama kwa upole kabisa, akasema: "Mwalimu, ualimu ni wito." Hakunitukana, pengine alitaka kunifariji. Ila siku ile ndipo nilipoona neno lile linavyofanya kazi likitoka kwenye kinywa cha anayelipa. Nilikwenda na dai, nikarudi na deni. Kama kweli nina wito, ninadaije?

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Stuart Bunderson na Jeffery Thompson, walichapisha utafiti kuhusu watunzaji katika bustani za wanyama, watu ambao wengi wao wamesoma hadi chuo kikuu na bado malipo yao ni madogo. Walioiona kazi ile kuwa wito ndio walioipata maana kubwa zaidi. Hao hao ndio walikuwa tayari kutoa muda na starehe zao bila malipo, na ndio waliomkazia macho zaidi mwajiri kuona kama anatimiza sehemu yake. Niliposoma habari hizo niliwaona walimu wenzangu, tembo na twiga kando.

Kwa hiyo kijana anayesema mkono mtupu haulambwi hajakosea, wala hana tamaa. Kikokotoo cha mafao, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kilipoletwa mwaka 2018 na mkupuo wa mstaafu, sehemu ya mafao anayolipwa kwa mara moja, kushuka hadi asilimia 25, kutoka 50 waliyoizoea wengi serikalini, kelele zilisikika nchi nzima, kikasitishwa. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40. Kati ya waliopiga kelele nawafahamu watu waliofundisha miaka 30, watu wa wito hasa. Mtu anaweza kuipenda kazi yake na bado akaijua hesabu ya nyumba aliyokuwa amepanga kuijenga kwa mkupuo huo. Mei Mosi ya 2025 ilipotangazwa kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kinapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, hakuna aliyesema ahsante, mimi nina wito, zirudisheni.

Kinachonisumbua ni kwamba pande hizi mbili zinabishana juu ya mfuko na moyo, na zote zinapita kando ya darasa lenyewe. Mwaka 2016, elimumsingi ilipofanywa bila ada, watoto walimiminika. Niliunga mkono sera ile na ninaiunga mkono hadi leo, kwa sababu niliona walioletwa nayo. Lakini kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi, nami mwaka ule nilikuwa na 128. Niliandika azimio la kazi, niliandika andalio la somo, nilitia vema kwenye daftari 128 bila kusoma mstari hata mmoja. Mtoto angeweza kusoma kanga ya mama yake mlangoni, mimi nimewapa mgongo, nauliza nani anapiga kelele kule nyuma. Niliacha kuwaona. Kama kuna kitu kilichonichosha, ni hicho, kuliko hata zile fedha za uhamisho.

Ndiyo maana siamini kwamba furaha ya kazi mtu anazaliwa nayo, wala kwamba inanunuliwa. Inataka mfanyakazi apate nafasi ya kuona alichokifanya. Nesi mwenye wodi iliyofurika anaikosa kama mimi, na fundi wa kiwandani anayeshona kola tu kutwa nzima anaikosa pia. Wapo wanaoamua kuitafuta kwingine. Mwenzangu mmoja alifundisha vizuri, saa tisa unusu akafunga mlango, akaenda kwa nyuki wake na kwaya yake. Zamani nilimwona hana moyo. Nilimkosea.

Jumapili nilimpigia yule binti. Nilimwambia mshahara na stahiki zake azifuatilie, kila karatasi atunze nakala, wala asione haya akiambiwa habari za wito. Wito ni wake, atautaja yeye akitaka. Kisha nikamuuliza kama ameonyeshwa darasa. Ameonyeshwa: darasa la kwanza, watoto 112, peke yake.

Tukanyamaza kidogo. Halafu tukaanza kupanga: vikundi vinane vya watoto 14, kila siku kikundi kimoja kisome mbele yake, mtoto mmoja mmoja, hata kama daftari za wengine zitalala bila vema. Katika siku nane za shule atakuwa amemsikia kila mtoto kwa sikio lake. Akaniuliza vikundi aviite majina gani.